Dawa za Daktari, Kipimo cha Mkojo na Simu Usiyoipokea

Swali hili halikauki kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili wanaoishi Marekani: "Nimepata kazi, kesho naenda kupima mkojo, na wiki nzima nimekuwa nikinywa dawa ya kikohozi. Nitafeli?" Majibu huja mbio na kugongana. Mmoja anashauri maji, lita nne kabla ya kulala. Mwingine anashauri siki. Wa tatu anasema mwambie nesi mara tu ukifika. Wa nne anaonya usiseme chochote, kwani wakijua unaumwa hawakuchukui. Wote wanne wanamkosa mtu mmoja muhimu, naye ni daktari ambaye hutamwona kwa macho. Atakupigia simu kutoka namba usiyoijua, na neno lake ndilo litakaloandikwa kama jibu lako.

Kabla ya kumfikia, maneno mawili yawekwe sawa. Kipimo cha dawa za kulevya hutafuta kemikali fulani, au mabaki yake baada ya mwili kuisaga. Hakipimi ulevi wala tabia. Mkojo wa mama aliyeandikiwa oksikodoni baada ya upasuaji wa goti na mkojo wa kijana aliyenunua kidonge hicho hicho uchochoroni hutoa jibu moja maabara. Dawa ya cheti, kwa maana inayotuhusu hapa, ni dawa uliyoandikiwa wewe, kwa jina lako, na mtu mwenye mamlaka ya kuandika dawa. Kidonge cha mumeo si dawa yako ya cheti hata kama mnaumwa ugonjwa mmoja.

Halafu ujue unapimwa chini ya kanuni zipi, maana hapa ndipo ushauri wa mtaani unapoharibika: dereva wa lori anamshauri mfanyakazi wa ghala, na kanuni zao hazifanani.

Kundi la kwanza ni kazi zinazosimamiwa na Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, ambayo kila mtu huiita DOT: malori makubwa, mabasi, reli, ndege, meli, mabomba ya mafuta na gesi. Msingi wake ni sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1991, na utaratibu wake wote, hatua kwa hatua, umo katika kanuni iitwayo Sehemu ya 40. Hapo hutafutwa makundi matano: bangi, kokeini, amfetamini (dawa za kuchangamsha), PCP (dawa ya kulevya inayoleta mauzauza) na opioidi (jamii ya mofini na heroini). Tangu Januari 1, 2018 kundi la opioidi linajumuisha pia dawa nne za maumivu ambazo madaktari huziandika kila siku: haidrokodoni, haidromofoni, oksikodoni na oksimofoni. Kuanzia siku hiyo wagonjwa wengi wa kawaida waliingia kwenye wavu uliokuwa umetegewa watu wengine.

Kundi la pili ni kazi nyingine zote: maghala, nyumba za kulelea wazee, hospitali, viwanda vya nyama, hoteli. Huko hutawala sera ya kampuni na sheria ya jimbo. Kampuni nyingi hupima makundi tisa au kumi, na ya ziada ni kama benzodiazepini (dawa za kutuliza wasiwasi, ambamo Valium imo), babitureti (dawa za usingizi za zamani) na methadoni (opioidi nyingine). Mtu anayemeza Valium kwa cheti anaweza asionekane kabisa kwenye kipimo cha DOT, kisha akaonekana kwenye kipimo cha kazi ya kupanga maboksi.

Madereva wana mkanganyiko wao wa ziada. Wao hukojoa mara mbili. Mkojo wa uchunguzi wa afya ya dereva huangaliwa sukari, protini na damu, hauna uhusiano na dawa za kulevya. Kwenye uchunguzi huo unajaza fomu ya afya na unatakiwa kutaja dawa zote unazotumia, bila kuficha. Mkojo wa dawa za kulevya huchukuliwa kwa fomu nyingine, na kwenye fomu hiyo dawa hazitajwi. Mara nyingi yote mawili hufanyika kliniki moja, asubuhi moja, ndiyo maana watu huchanganya.

Maabara huona nini

Sampuli hupimwa mara mbili. Kipimo cha kwanza ni cha mchujo, rahisi na cha haraka, na kasoro yake ni ile ya kufuli la bei nafuu: ufunguo wa jirani nao unaweza kulifungua. Kemikali inayofanana umbo na ile inayotafutwa inaweza kukiwasha ingawa si yenyewe. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inajulikana kuwasha mchujo wa opioidi, na baadhi ya antibayotiki kama levofloksasini hufanya vivyo hivyo. Bupropioni ya sonona, labetaloli ya shinikizo la damu na promethazini ya kichefuchefu zinaweza kuwasha mchujo wa amfetamini. Dekstromethofani, iliyomo katika dawa nyingi za kikohozi zinazouzwa bila cheti, inaweza kuwasha ule wa PCP. Efavirenzi, dawa ya kufubaza VVU ambayo maelfu ya watu wetu waliitumia miaka mingi kabla ya kuhamishiwa dolutegraviri, imewahi kuwasha mchujo wa bangi na wa benzodiazepini.

Kipimo cha pili, cha uthibitisho, hutumia mashine inayopima molekuli yenyewe kwa uzito wake na jinsi inavyovunjika. Hapa rifampisini haiwezi kujifanya mofini. Chini ya kanuni za DOT maabara hairuhusiwi kuripoti jibu chanya bila hatua hii ya pili, kwa hiyo dawa zote za aya iliyotangulia huanguka kimyakimya kabla mtu yeyote hajakupigia. Mtu anayetumia efavirenzi hana sababu ya kutangaza hali yake kwa yeyote pale kliniki.

Hatari iko kwenye vikopo vya papo hapo, vile vyenye vijistari ambavyo waajiri binafsi huvipenda kwa sababu jibu linapatikana kwa dakika chache. Hicho ni kipimo cha mchujo peke yake. Ukiambiwa umefeli kwa kikopo, omba kwa maandishi, siku hiyo hiyo, sampuli ipelekwe maabara kuthibitishwa. Baadhi ya majimbo yanamlazimisha mwajiri kufanya hivyo, lakini wanaojua ni wachache, na afisa wa ajira mwenye haraka hatakukumbusha.

Kuna pia suala la kizingiti. Maabara haisemi "ipo" kwa kila chembe inayoonekana. Kila dawa ina kiwango ambacho chini yake jibu ni hasi. Kwa kodini na mofini, mchujo wa DOT una kizingiti cha nanogramu 2,000 kwa mililita. Hadi 1998 kilikuwa 300, kikapandishwa kwa sababu mbegu za popi zinazonyunyizwa juu ya mikate zilikuwa zikiwaangusha watu ambao hawajagusa kitu kingine. Kwa oksikodoni kizingiti ni 100 tu. Ndiyo kusema vidonge viwili vya maumivu vinavyoonekana ndugu vinaweza kukupa majibu tofauti kabisa.

Muda nao hutofautiana. Kodini na kokeini kwa kawaida hutoka kwenye mkojo ndani ya siku mbili hadi nne. Bangi ya mara moja huchukua kama siku tatu, lakini kwa mvutaji wa kila siku inaweza kupita siku thelathini, kwani hujificha kwenye mafuta ya mwili. Valium iliyotumiwa muda mrefu huonekana kwa wiki kadhaa. Nywele ni habari nyingine: kipande cha sentimita nne karibu na ngozi hubeba kumbukumbu ya takriban siku 90.

Siku ya kupima

Nenda na kitambulisho chenye picha. Utavua koti, utaacha mkoba, utatoa vilivyomo mifukoni, utanawa mikono. Maji ya choo yatakuwa yametiwa rangi ya buluu. Kwa DOT unatakiwa kutoa angalau mililita 45. Ndani ya dakika nne mchukuaji ataangalia joto la mkojo, ambalo lazima liwe kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Kisha, mbele ya macho yako, atagawa: mililita 30 chupa ya kwanza, 15 chupa ya pili. Atabandika lakiri, wewe utaweka herufi za jina lako juu yake. Usiondoke wala usigeuke kabla hilo halijafanyika, kwa sababu ile chupa ndogo ya pili ndiyo mtetezi wako mambo yakiharibika.

Ukishindwa kukojoa, una hadi saa tatu na ruhusa ya kunywa maji yasiyozidi lita 1.2 hivi. Kunywa zaidi ya hapo nyumbani ili "kusafisha" hakusaidii. Maabara hupima kreatinini (taka ya kawaida ya mwili iliyomo kwenye mkojo) na uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji. Mkojo ukiwa chini ya kipimo huandikwa kuwa umezimuliwa kwa maji, na mwajiri anaweza kukurudisha upimwe tena. Ukizidi kuwa mwepesi, unarudishwa ukapimwe huku mtu akikutazama. Siki, klorini na vimiminika vya dukani huhesabiwa kuwa ni kuchezea sampuli, na kuchezea sampuli ni sawa na kukataa kupimwa, ambako adhabu yake ni ile ile ya kufeli.

Mchukuaji wa sampuli hana kazi na orodha ya dawa zako. Hata akikusikiliza kwa huruma, hana pa kuiandika. Fomu ina nakala tano, na yako ni ya tano. Nyuma ya hiyo unaweza kujiandikia dawa ulizokunywa ili usisahau. Basi.

Kitu kimoja kwenye fomu kinastahili umakini kuliko vyote, na watu hukijaza ovyo: namba ya simu, ya mchana na ya jioni. Andika namba unayoipokea kweli. Usiandike ya shemeji, wala ile ya laini utakayoibadilisha wiki ijayo.

Simu yenyewe

Chini ya kanuni za DOT, maabara ikithibitisha jibu chanya, haipeleki kwa mwajiri. Inapeleka kwa daktari mhakiki, ambaye kwenye simu atajitambulisha kama MRO. Ni daktari mwenye leseni, hajaajiriwa kukuchunga, na kazi yake ni kuuliza swali moja: je, kuna sababu halali ya kitabibu ya dawa hii kuwepo? Ikiwepo na ikathibitika, anaripoti hasi. Mwajiri anaona "hasi" na hajui kama kulikuwa na swali.

Ofisi yake hukutafuta angalau mara tatu ndani ya saa 24. Wasipokupata, wanamwambia mwakilishi wa mwajiri akuambie upige. Kuanzia hapo una saa 72. Zikipita bila kupiga, daktari anaruhusiwa kuripoti chanya bila kukusikiliza. Na hata kama hakuna aliyefanikiwa kukupata, siku 10 zikiisha jibu linakuwa chanya. Watu wenye cheti halali kabisa hupoteza kazi hapa, kwa kudhani ile namba ngeni ni ya matapeli au ya wadai. Katika wiki mbili baada ya kupimwa, pokea kila simu, na sikiliza ujumbe wa sauti.

Ukiwa naye kwenye simu, kuwa na chupa ya dawa mkononi. Soma jina la dawa, jina la daktari aliyeandika, duka la dawa, na namba inayoanza na Rx kwenye lebo. Atapiga dukani kuhakikisha. Kama karatasi hazipo karibu, anaweza kukupa hadi siku 5 uzilete, lakini lazima uombe. Mzigo wa kuthibitisha ni wako. Kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga, sema hivyo mapema na uombe mkalimani. "Yes" ya adabu kwa swali usilolielewa inaweza kuwa ungamo.

Nasema ungamo kwa sababu maalumu. Kwa kodini na mofini, kama kiwango hakifiki nanogramu 15,000 na hakuna dalili ya heroini, daktari mhakiki haruhusiwi kuripoti chanya mpaka apate ushahidi kwamba dawa ilitumiwa isivyo halali. Mtu anayesema "nilichukua vidonge vya kodini vya mke wangu" amempa ushahidi huo kwa mdomo wake. Simaanishi udanganye. Jibu swali uliloulizwa, kwa ukweli, na usimulie zaidi pale tu unapoulizwa. Naye analazimika kukuonya kabla ya mahojiano kwamba habari za afya zinazogusa usalama barabarani anaweza kuzitoa bila ridhaa yako.

Dawa kutoka nyumbani

Hili linawagusa watu wetu kuliko wengine. Mzigo unaotoka Nairobi, Dar es Salaam au Bukavu mara nyingi huwa na pakiti ya dawa za mama. Panadol ya kawaida na Mara Moja hazina shida, wala dawa mseto ya malaria. Lakini Betapyn, inayopendwa Kenya kwa maumivu ya kichwa, ina kodini ndani. Baadhi ya dawa za maji za kikohozi zinayo pia. Tramadoli, nayo dawa ya maumivu, haimo kwenye makundi matano ya DOT, ila kuna waajiri wanaoipima, na Marekani imekuwa dawa ya kudhibitiwa tangu 2014.

Je, dawa iliyonunuliwa Afrika yaweza kukubalika? Ndiyo, kanuni ya DOT inairuhusu kwa masharti: iwe ilipatikana kihalali katika nchi hiyo, iwe dawa yenye matumizi ya kitabibu yanayotambulika, na uwe umeitumia kwa kazi yake. Sharti la kwanza ndilo huwaangusha wengi. Kama nchini mwako dawa hiyo hutakiwa kuuzwa kwa cheti nawe ulipewa dirishani bila karatasi, "nilinunua dukani" haitoshi. Kabla ya kusafiri, pata barua ya daktari kwa Kiingereza yenye jina la kitaalamu la dawa, kipimo na tarehe. Weka pakiti ya asili na risiti, na upige picha vyote, kwani wino wa risiti zetu hufutika kwa joto la mkoba.

Miraa haina mlango huu. Kenya ni zao halali, lakini kathinoni iliyomo ndani yake ni marufuku Marekani, na hakuna daktari anayeweza kukuandikia.

Kwa anayetafuta kazi Dubai au Abu Dhabi, kikwazo huja mapema zaidi, kwenye mkoba pale uwanja wa ndege. Kodini, tramadoli na Valium zinahitaji kibali cha serikali ya Falme za Kiarabu kinachoombwa mtandaoni kabla ya safari. Asiye nacho anaweza kuishia mahabusu, hata kama ana vidonge vichache vya mgongo.

Bangi na visingizio vingine

Kadi ya bangi ya matibabu haimsaidii dereva wa DOT popote, hata katika jimbo inakouzwa dukani kama soda. Mafuta ya CBD, yanayotokana na mmea huo huo, nayo hayakubaliki kama utetezi. Chupa inaweza kuandikwa haina THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, nayo ikawa nayo. Kwa kazi nyingine hali imebadilika: Nevada na Jiji la New York zilibana upimaji wa bangi kwa waombaji kazi mwaka 2020, na California ikafuata Januari 2024, kila moja ikiwa na kazi ilizoziacha nje ya katazo.

"Nilikaa na wavutaji," "mtu alinitilia kwenye kinywaji," "ni chai ya koka" yote yametajwa kwenye kanuni kwa majina kuwa hayapokelewi. Ganzi ya daktari wa meno, kinyume na uvumi, haitoi jibu la kokeini: lidokaini ni kemikali nyingine kabisa. Kati ya dawa za wenye tatizo la umakini, Ritalin haionekani kama amfetamini, Adderall huonekana, kwa sababu ni amfetamini yenyewe. Kijiti cha Vicks cha kunusa cha Marekani kina aina ya methamfetamini isiyolevya, na maabara inaweza kuitenganisha na ile haramu ikiombwa.

Mwajiri anaweza kuuliza nini

Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya 1990 inawabana waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi. Kabla hujapewa ofa ya kazi, hawaruhusiwi kukuuliza unatumia dawa gani za cheti. Kupima dawa haramu kunaruhusiwa wakati wowote, maana sheria haikuhesabu kuwa ni uchunguzi wa afya. Jibu likija chanya ndipo wanaweza kuuliza kama kuna dawa halali inayolieleza. Baada ya ofa yenye masharti wanaweza kuuliza mambo ya afya, ilimradi wamuulize kila anayeingia kazi ya aina hiyo.

Jibu hasi, hata hivyo, halimaanishi uko huru kuendesha lori. Daktari mhakiki akiona dawa yako halali inaweza kukusinzisha usukani, anaweza kuripoti wasiwasi wa usalama. Kabla ya hapo anapaswa kukupa hadi siku 5 za kazi ili daktari wako awasiliane naye, pengine abadilishe dawa. Hizo siku zitumie. Daktari wako akibadilisha haidrokodoni kwa dawa isiyosinzisha, mara nyingi suala huisha hapo.

Ukiona jibu si la kweli, una saa 72 tangu daktari mhakiki akujulishe kuomba ile chupa ya pili ipimwe katika maabara nyingine. Huwezi kunyimwa kwa kukosa hela siku hiyo. Mwajiri analazimika kuhakikisha inapimwa, ingawa anaweza kukudai gharama baadaye. Kwa dereva wa lori hili si la kupuuza, kwani tangu Januari 6, 2020 kila ukiukaji huingia kwenye hifadhidata ya serikali iitwayo Clearinghouse, ambayo mwajiri mpya analazimika kuifungua kabla ya kukupa ufunguo. Rekodi hukaa miaka 5, au zaidi kama hujakamilisha utaratibu wa kurudi kazini. Na kama umenyimwa kazi kwa dawa halali uliyoandikiwa, malalamiko hupelekwa kwa tume ya ajira ya serikali kuu, EEOC, ndani ya siku 180 tangu tukio, au 300 katika majimbo yenye chombo chake cha kusimamia sheria kama hiyo.